Mzee Taratibu na Vibarua Wake wa Pipani

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mkamua alizeti. Alichelewa kuzaliwa wiki mbili, na mama yake alisema hakuonyesha dalili yoyote ya kujuta.

Alisoma chuo cha ufundi hadi 1977, kisha akaajiriwa maabara ya kiwanda cha sabuni. Huko alikutana na mpima mizani aliyekuja kuwa mke wake. Alimsalimia miaka minne ndipo akaposa, Agosti 1984.

Alipostaafu mwaka 2014 aligeuza banda la uani kuwa karakana ya dizeli. Alikusanya mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia, akayachuja na kuyapasha vuguvugu, akatia vimeng'enya, kisha spiriti kikombe kimoja kila baada ya saa tatu. Vimeng'enya ndivyo vilivyoyageuza mafuta kuwa dizeli. Aliviita vibarua wake. "Hawadai likizo," alizoea kusema, "ila ukiwanywesha kwa pupa, wanakufa."

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumshinda, akawa anapumua kwa mashine nyumbani. Tarehe 7 Juni 2023 umeme ulikatika na vituo vya mafuta vilikuwa vikavu. Jenereta ya kuendesha mashine ilikuwa na dizeli ya siku mbili, na pipa la karakana lilihitaji siku moja na ushei kuwa tayari. Mzee alisema itatosha. Binti yake, kitinda mimba na fundi cherehani, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, hakuamini. Alimimina spiriti yote kwa mpigo.

Vibarua walikufa. Mafuta yalibaki mafuta.

Baba alimuuliza kama amemimina yote.

"Ndiyo, baba. Niliogopa."

"Hata mimi naogopa, mama. Tia vimeng'enya vingine, uanze upya. Taratibu."

Vingine havikuwapo. Tarehe 9 jenereta ilizimika, jirani akamkimbiza hospitali, na saa kumi na dakika ishirini alasiri akakata roho. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha hata hivyo. Binti amelisikia neno hilo na halijamfaa kitu. Kila siku huenda karakana, akafunua pipa, akalifunika. Hajui kama ni yeye, na aliyejua kumjibu ndiye huyu tunayemzika.

Ameacha mjane, wana wawili wa kiume, binti mmoja, dada na wajukuu watano.

Apumzike kwa amani. Hakuna tena wa kumharakisha.