Mapafu ya Paka Siku za Mfungo

ASKALE: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, hili sikio la kulia siku hizi limelala.

YESHI: Mama, ni mimi, Yeshi. Shikamoo.

ASKALE: Marahaba, mwanangu. Nimeacha sufuria mekoni nikakimbilia simu. Ikilia tu, moyo unaniambia ni mdogo wako.

YESHI: Ni mimi, Mama.

ASKALE: Nawe ni wangu pia, usinune. Addis hamjambo? Kazini?

YESHI: Hatujambo. Umekula?

ASKALE: Nile saa ngapi? Ibada imeisha saa tisa, ndiyo kwanza nimevua shuka la kanisani. Mchuzi wangu wa shiro unachemka. Binadamu wa nyumba hii hana neno, mwenye neno ni yule mwenye mkia. Haya, kitendawili.

YESHI: Mama, salio langu dogo—

ASKALE: Sema tega.

YESHI: Tega.

ASKALE: Mgeni wangu hafungi, hasali, kazi hana, na chakula chake kinatoka kabla ya changu.

YESHI: [mtandao unakwaruza] Sijui.

ASKALE: Hujui? Hicho nilikutegea ukiwa huna meno ya mbele ukakitegua. Ni paka, kama huyu Dama wetu. Umeshindwa, nipe mji.

YESHI: Chukua Gondar.

ASKALE: Nimefika Gondar, nimekaa penye kivuli, nimekula mkate wa ngano mpaka nikafungua mkanda, nikakukumbuka, nikarudi. Una nini leo? Sauti yako kama imelowa.

YESHI: Mafua tu. Dama hajambo?

ASKALE: Wewe unamuulizia Dama? Juzi si ulinambia nimtie guniani nikamwache soko la mifugo?

YESHI: Nilikuwa na hasira. Jirani yako Wude alinipigia, akaniambia watu wamekuona kwenye bucha la Seid unanunua nyama katikati ya mfungo. Nikaona aibu.

ASKALE: Na hukuniuliza. Ulinigombeza mpaka salio likaisha. Sasa nikwambie?

YESHI: Niambie, Mama. Niambie yote.

ASKALE: Mfungo ulipoanza, bucha zetu Wakristo zikafungwa, kama kila mwaka. Nikasema paka ni mwenyeji wa nyumba hii, atakula tunachokula. Nikamlowekea mkate wa injera kwenye shiro. Wiki ya kwanza akala kwa adabu. Ya pili akawa ananusa, ananitazama kama nimemwibia. Ya tatu manyoya yakaanza kubaki mkononi, macho yakatoka matongo. Nikambeba kwenye kikapu mpaka kwa daktari wa mifugo. Pale kuna foleni ya ng'ombe na punda, nami na kikapu changu, watu wanacheka. Daktari akasema mama, hata ukimsomea Zaburi huyu hawezi kufunga, mpe nyama. Akaninyang'anya birr mia mbili kwa maneno hayo na dawa ya macho.

YESHI: Zile nilizotuma za vidonge vya presha?

ASKALE: Vidonge nilikuwa navyo vya... vilikuwepo kidogo. Usinikate. Maziwa nilijaribu, yakamwendesha. Sasa nyama ya mfungo iko wapi Dessie hii, kama si kwa Waislamu? Nikaenda kwa Seid. Akanicheka vizuri, mtoto wa watu, akasema shangazi umebadili dini? Nikamwambia nataka mapafu ya paka. Akanipimia ya birr arobaini. Kosa langu lilikuwa moja tu.

YESHI: Lipi?

ASKALE: Nilitokea kanisani moja kwa moja. Ukichelewa mapafu yanaisha. Basi nikasimama pale mlangoni kwa Seid na shuka langu jeupe, na kanisa zima likapita nyuma yangu. Ningevaa gauni la jikoni nani angenijua? [mtandao unakwaruza] —unanisikia?

YESHI: Nakusikia.

ASKALE: Jioni yake mtaa mzima unajua Askale anakula nyama mchana, tena ya kuchinjwa na Mwislamu. Chungu cha chama chetu cha Mariamu, kile kinachozunguka nyumba kwa nyumba, kilikuwa kije kwangu mwezi huu. Nilishaloweka shayiri ya kutengenezea pombe ya tela. Wakakipitisha mlangoni kwangu, Yeshi, nakiona kimefunikwa kitambaa chake, wakakipeleka kwa Wude. Miaka ishirini na sita nimo chama kile.

YESHI: Hukuwaeleza?

ASKALE: Niliwaeleza. Wude akasema kama ni paka kweli, basi mtoe paka, tuone kama Seid atakuona tena. Nikamwita Baba Tekle. Yeye akasema tu Askale, paka ni paka, kwani ni nani wako? Nikashindwa kumjibu kasisi.

YESHI: Mama...

ASKALE: Ningemjibu nini? Niseme siku anaondoka mdogo wako Habtamu alimweka Dama mapajani mwangu, akasema Mama nitunzie huyu, nikifika Saudia nitapiga simu nimsikie? Huu mwezi wa nane sijasikia sauti yake. Sasa apige, aniulize Dama yuko wapi, nimwambie ilikuwa mfungo? Yeshi? Huu mtandao—

YESHI: Nipo. Mama, usimtoe. Mnunulie mapafu kila siku. Nitakutumia mia tano. Elfu moja.

ASKALE: Elfu ya paka?

YESHI: Ya paka.

ASKALE: Wewe uliyenikatalia birr thelathini ya dawa ya viroboto?

YESHI: Nilikosea.

ASKALE: Haya, mwaka huu watu wote wanakosea. Hata Wude leo amekuja.

YESHI: Wude amekuja? Amesema nini?

ASKALE: Hilo ndilo la ajabu, hajasema kitu. Amebisha hodi kabla sijaenda kanisani, ana furushi la karatasi. Kufungua, mapafu. Yeye mwenyewe ameyafuata kwa Seid, na shuka lake jeupe, mchana kweupe. Akayakata, akampa Dama kwa mkono wake. Akaniosha vyombo. Nikamtania, nikamwambia leo Mariamu amekupiga kofi la upande gani? Hakucheka. Akaniambia chungu cha chama kitarudi kwangu, nisiwe na wasiwasi. Kisha akanishika kichwa, hivi, kama mtoto, akaondoka.

YESHI: Hakusema kingine?

ASKALE: Kingine kipi?

YESHI: Basi tu. Naulizia.

ASKALE: Na binti yake amekuja kunichotea maji. Na mke wa Seid ameleta kuni. Nikasema tazama, paka mmoja amenitenga na watu, paka huyohuyo ananirudisha. Nilifurahi... [honi, muungurumo wa gari] Hicho nini? Uko wapi wewe?

YESHI: Niko— sokoni.

ASKALE: Sokoni gani kuna gia?

YESHI: Niko njiani, Mama. Tumeshapita Debre Birhan. Nakuja kukuona.

ASKALE: Na kazi?

YESHI: Wamenipa ruhusa.

ASKALE: Pasaka iliyopita uliomba ruhusa wakakunyima. Umesema tumepita. Wewe na nani?

YESHI: Na mjomba Getachew.

ASKALE: Getachew. Getachew hajakanyaga hapa tangu tulipomzika baba yako.

YESHI: Amekukumbuka tu. Baba Tekle alipompigia—

ASKALE: Baba Tekle amempigia Getachew? Kwa habari ya paka?

YESHI: Ndiyo. Hapana. Mama, salio linaniishia, wananiambia dakika moja—

ASKALE: Mnafika saa ngapi? Niongeze injera.

YESHI: Usipike. Leo tunalala Kombolcha. Tutaingia kesho alfajiri.

ASKALE: Kombolcha.

YESHI: Mjomba amechoka.

ASKALE: Kombolcha na hapa ni mwendo wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nina vitanda viwili. Mtu hapiti njia yote ile akalala Kombolcha kwa uchovu.

YESHI: Mama, naomba ule. Meza vidonge vyako. Wude atakuja kulala nawe—

ASKALE: Nilishawahi kulala Kombolcha mimi. Mwaka ule alipofia mbali mume wa Zewditu. Tulilala kumi na wawili chumba kimoja, hakuna aliyefumba jicho, ili tumbishie hodi Zewditu na habari ile kabla hakujapambazuka. Na mchana wake jirani zake walikuwa wamemchotea maji, wamemletea kuni. Naye akafurahi, maskini, akadhani anapendwa.

YESHI: [analia, mtandao unakwaruza]

ASKALE: Usilie ndani ya gari, utamtia hofu dereva.

YESHI: Mama, nikifika—

ASKALE: Nyamaza. Habari ya alfajiri haisemwi mchana. Nawe usiivunje kwa simu. Nina paka hapa amelala juu ya sweta la mdogo wako, ameshiba leo. Kesho tutajua atakula nini.

YESHI: Nitamlisha mimi. Maisha yake yote nitamlisha mimi, Mama.

ASKALE: Kitendawili.

YESHI: Mama, tafadhali, dakika inaisha—

ASKALE: Sema tega.

YESHI: [kwa sauti ndogo] Tega.

ASKALE: Kipo nyumbani kwangu, jirani wote wanakijua, kasisi anakijua, hata mwenye bucha anakijua. Mwenye nyumba peke yake hakijui. Umeshindwa?

YESHI: Nimeshindwa, Mama.

ASKALE: Basi nipe mji.

YESHI: Mji gani?

ASKALE: Ule alioishia mdogo wako. Nipe huo tu, jina lake, nilale nalo—

YESHI: Mama—

[Simu inakatika. Salio limekwisha.]