Moyo wa Erasto Ulikuwa Umerudi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Martini, kaka wa mjane, Scola, na ninasoma kama nilivyopewa, kwa sababu ile historia ya kwanza, iliyosema marehemu aliugua ghafla basi, Scola ameichana mwenyewe asubuhi hii.

Marehemu Erasto Alphonce alizaliwa Kalinzi tarehe 14 Machi 1975, akasoma hapo hapo na kumaliza darasa la saba mwaka 1990, akateremka mjini kujifunza ufundi wa injini za boti, kazi aliyoifanya Kibirizi mpaka mwisho, akinuka petroli hata Jumapili kanisani. Tarehe 6 Julai 2002 alifunga ndoa na Scola, wakaishi Gungu, wakajaliwa watoto wawili, Honorata na Bariki.

Tarehe 9 Juni mwaka huu alianguka kazini, akafikishwa hospitali moyo umesimama, muuguzi Zuhra na wenzake wakamkandamiza kifua kwa kupokezana huku jasho likiwatiririka, na moyo, jamani, ukarudi. Zuhra akamweleza Scola kwamba kurudi kwa moyo siyo kupona, kwamba mgonjwa bado hawezi kumeza, asipewe kitu mdomoni, hata maji, na Scola akakaa pale akimlowesha midomo kwa pamba, akiwaeleza hivyo hivyo ndugu wote waliofika.

Tarehe 11 shemeji yake Scola, Wilfred, ndugu wa marehemu, alikuja na ndugu kutoka Mwandiga, akamhimiza Scola akaoge, na alipotoka tu wakamwinua mgonjwa, maana kwetu aliyenusurika kifo haachwi na njaa, wakamnywesha mchuzi wa samaki wa mgebuka, yeye akikohoa, wao wakishangilia kwamba nguvu zimerudi. Mchuzi ukaingia mapafuni, Zuhra akahangaika naye mpaka akachoka, na tarehe 13 Juni Erasto akafariki.

Mchuzi huo Scola angeusamehe, anajua ulipikwa kwa mapenzi, lakini kinachomchoma ni maneno yaliyozagaa hapa msibani, eti muuguzi alimdunga sindano ya kummalizia, hadi vijana wa ukoo wamekwenda kumtukana mlangoni kwake, na Wilfred, aliyeshika kijiko, amekaa kimya! Hivi huo ni uso wa namna gani?

Familia inawashukuru madaktari, majirani wa Gungu na mafundi wa Kibirizi. Zuhra yupo, amesimama kule nyuma kwa woga, na Scola anaomba kwamba yeye na watoto wakishaweka udongo, afuate Zuhra, ndugu wa Mwandiga wasubiri.

Lala kwa amani, Baba Honorata, mkeo ameyasema.