Lori la Saa Nane

Benchi la kahawa lilikuwa kati ya kinyozi na fundi viatu, na lilikuwa na adabu yake: ikishapita saa nane mchana, hukai pale bila kijiti cha meno mdomoni. Kijiti ndicho ushahidi kwamba umetoka kula, tena umekula cha maana. Bonge, mshonaji wa suruali, alikuwa nacho chake kama kawaida, ila tangu jana tumboni hamkuwa na kitu zaidi ya kahawa ya hapohapo, aliyoijaza sukari bila haya. Barabara ilikuwa imefungwa kuchimbwa mtaro na wateja wakapotea. Alijikaza kisabuni. Kitambi chake kilimsitiri vizuri, na hofu yake ilikuwa moja tu, wenzake wasije wakajua.

Siku hiyo akaja mwalimu, mtoto wa dada yake Soli, yule fundi viatu. Akawaamkia wote, akaeleza shida yake: wanafunzi wake wanaamini njaa ni ya nchi za mbali, ile ya kwenye runinga. Alikuwa anatafuta mtu wa hapa mtaani aje awaeleze njaa ya hapa ikoje.

– Hapa haipo, mpwa wangu, akasema Soli. – Mwenye njaa namjua kwa viatu. Kisigino hakiliki, maana hana nguvu ya kukanyaga. Sijaletewa kiatu cha hivyo hata kimoja.

Kinyozi, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya kusoma magazeti ya mwaka juzi, akatikisa kichwa kwa huruma.

– Njaa inatoka kwenye nywele. Zikirefuka, zinakunywa chakula chote kabla hakijashuka tumboni.

– Chakula kinapita kichwani? akauliza Soli.

– Mdomo uko wapi kwani, mguuni?

Profesa akaendelea kwamba watu wote wakinyolewa bure, njaa imekwisha kabisa, na yeye yuko tayari kusimamia kazi hiyo.

Bonge aliona akinyamaza atashukiwa.

– Njaa ni ya wembamba, akasema. – Sisi wanene tuna akiba. Mimi naweza nisile mpaka mwakani na nisi...

Tumbo lake likanguruma, kwa muda mrefu na bila heshima yoyote. Bonge akasikia jasho linamtoka mgongoni.

– Lori hilo, akasema.

– Lori, akakubali Profesa haraka. – Tena limebeba kokoto.

Mara likanguruma jingine, na hili lilitoka upande wa Profesa.

– Limerudi, akasema Soli. Hakumaliza kulisema, la kwake nalo likapita.

Mwalimu akageuka kuitazama barabara, akautazama na mtaro uliokuwa wazi kutoka ukuta hadi ukuta.

– Mjomba, barabara si imefungwa?

Soli akainua birika awamiminie, lakini likatoa masimbi ya kahawa tu.

– Leo mmekula nini? akauliza mwalimu, kwa upole.

Watu wazima watatu wakaanza kukagua kucha zao. Bonge akamwibia Profesa jicho, akaona kijiti chake kimetafunwa mpaka kimekuwa brashi. Cha Soli kilikuwa hivyohivyo. Muda wote huo amekuwa akiona aibu peke yake, kumbe benchi zima liko vilevile! Akafarijika mpaka akataka kucheka. Akatoa kijiti mdomoni, akakitia mfukoni.

– Darasa lako saa ngapi, mwalimu?

– Kesho saa nne.

– Wanafunzi wanakula?

– Uji upo wa kutosha, karibuni.

– Nitakuja niwaeleze mimi, akasema Bonge. – Waone kwamba hata mnene inampata.

Profesa akakohoa.

– Hata mimi nina machache ya kuchangia.

– Ya nywele? akauliza Soli.

– Ya tumbo, akasema Profesa.