Bernadina Leonce, Fundi Redio wa Wasso

Ndugu zetu mliotoka Buger, Karatu, Samunge na hapa Wasso, poleni kwa safari, poleni kwa msiba, tunasimama kwa niaba ya ukoo wa Mzee Leonce na boma la Mzee Moloimet kuwasomea maisha ya mama yetu, Bernadina, na tunasoma kwa shukrani kuliko machozi, kwa kuwa aliishi akifanya kazi aliyoipenda.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 kijijini Buger, mtoto wa tatu wa Mzee Leonce na Mama Germana, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, na mwaka 1991 akajiunga na chuo cha ufundi Arusha, msichana pekee darasani, akajifunza kwamba rezista hupunguza mkondo wa umeme, kapasita hushika chaji hata swichi ikishazimwa, fyuzi hukubali kuungua ili redio ipone, na dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, mambo aliyotufundisha sisi wanawe kabla hatujajua kuhesabu hadi ishirini.

Mwaka 1994 alianza kazi katika kibanda cha ufundi mjini Karatu, ndipo alipokutana na baba yetu, Lembris, mwana wa Mzee Moloimet wa Samunge, aliyekuwa akileta redio za wafugaji zilizoungua kwa sababu nyaya za betri ziligeuzwa, chanya penye hasi, basi mama akawa anaweka dayodi ndani ya kila redio, ili mtu akikosea inyamaze tu, isiungue.

Babu Moloimet alimpenda, lakini alisema wazi kwamba mke wa mwanawe ataacha ufundi siku ya harusi, maana boma lina ng'ombe wa kukamuliwa, na mama alikaa na neno hilo miezi minne, hataki kumvunjia mkwe heshima, hataki kuacha kazi. Ndoa ilifungwa Karatu, Jumamosi tarehe 26 Septemba 1998, babu akashika kipaza sauti atoe baraka, kikawa kimya, vijana wa rika la baba wakacheka kwamba wametoa ng'ombe kwa fundi na spika yake ni bubu, bibi harusi akakunja mikono ya gauni, akafungua amplifaya ya spika hizo, aliyoitengeneza mwenyewe, akamgeukia mkwe wake, akasema mbele ya wote kwamba kosa ni lake, jana yake kwa haraka aliifunga dayodi kinyume, akaomba makaa, akapasha chuma cha kulehemu, akaigeuza, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya babu, akisema anayetaja kosa lake mbele ya wakwe asinyang'anywe kazi, ng'ombe atawakamua Lembris.

Mwaka 1999 walifungua karakana hapa Wasso, wakajaliwa watoto wanne, Isaya, Sinyati, Dickson na Dorkasi. Juni 2022 mama alianza kuugua figo, akatibiwa hapa na Arusha, na kati ya kliniki moja na nyingine aliendelea kutengeneza redio, hadi alipotutoka Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto, wajukuu wawili, na redio kumi na saba kwenye rafu, kumi na nne zimeshapona, wenyewe njooni mzichukue, tatu bado.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maziwa, kuni na maharage, na mafundi wenzake wa Karatu, tena tunawatangazia kwamba jana, mbele ya ukoo wote, Babu Moloimet alimkabidhi mjukuu wake wa kike, Sinyati, ufunguo wa karakana, na Jumatatu itafunguliwa.

Mama, kazi imepokelewa, pumzika kwa amani.