Ardith Pruett na Nyumba Yake ya Magurudumu

Ndugu, jamaa na majirani wa uwanja huu wa trela, mimi ni Verlyn Nygaard, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake mbele yenu, nami nimekubali ingawa yeye mwenyewe angesema nasoma polepole mno na kahawa ya watu inapoa.

Ardith Marie Nygaard alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, katika shamba la wazazi wetu kaskazini ya mji wa Broken Bow, Nebraska, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wawili, siku ya theluji nyingi hivi kwamba daktari aliletwa na trekta ya jirani, na alipofika alikuta kazi imeshakwisha, mtoto amenyamaza anamtazama kama mtu anayetaka kuuliza mbona umechelewa. Mtazamo huo alibaki nao, na wengi wenu mliwahi kuupata.

Alianza masomo Septemba 1950 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya malisho yetu, akaendelea na sekondari mjini Broken Bow, akahitimu Mei 1962, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila alikuwa msichana pekee aliyeendesha lori la nafaka la baba wakati wa mavuno, na ruhusa hiyo hakupewa na mtu, aliichukua.

Tarehe 20 Juni 1964 alifunga ndoa na Lowell Pruett, fundi wa nyaya za simu, katika kanisa la Kilutheri la Broken Bow, wakajaliwa mtoto mmoja, Janelle, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1967, ambaye ameketi hapa mbele. Agosti 1971 Ardith aliajiriwa kuwa dereva wa basi la shule, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu Mei 1999, katika barabara za vumbi, za tope na za barafu, na watoto wa basi lile, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi, bado wanasimulia jinsi alivyowanyamazisha bila kupandisha sauti. "Nyamazeni kidogo, nasikiliza beringi ya gurudumu la nyuma," aliwaambia, nao walinyamaza wote kwa kutaka kujua beringi inasema nini.

Septemba 2004, baada ya Lowell naye kustaafu, waliuza nyumba yao ya mjini na kununua trela ile mnayoiona pale nje, ya shingo ndefu inayolala juu ya pikapu, yenye chumba cha kulala huko shingoni, jiko katikati, na ukuta wa sebule unaosukumwa nje mkishaegesha, wakahamia humo na vyote walivyobakiza. Huko kwetu watu walisema watarudi kabla ya Krismasi, mimi nikiwa mmoja wao tena mwenye sauti kubwa, lakini Krismasi ilipita, na nyingine zikafuata, wao wakipitisha kiangazi Nebraska na milima ya Colorado, na majira ya baridi hapa hapa nje ya mji wa Benson, Arizona, kati yenu.

Yapo mambo ambayo mtu wa nyumba yenye msingi ardhini hayajui, nami sikuyajua mpaka aliponieleza kwa subira kidogo na dharau nyingi. Nilipomuuliza kwa nini kila msimu yuko paani na kopo la gundi ya kuzibia, akikagua maungio ya paa na kingo za matundu ya hewa, alinijibu, "Verlyn, kama nyumba yako ingepigwa tetemeko la ardhi kila ukihama, na wewe ungekuwa huku juu." Aliweka grisi kwenye beringi za magurudumu kwa mikono yake, alijua umri wa kila tairi, alitoa maji yote kwenye mabomba kabla ya baridi kali, na aliamini kwamba mtu anayeacha tangi la maji machafu lijae hadi juu hafai kuaminiwa katika jambo lingine lolote. Lowell alikuwa anaendesha na kufunga trela kwenye pikapu, Ardith alikuwa anaitunza, na hivyo ndivyo walivyogawana kazi kwa miaka yote ile.

Tarehe 17 Desemba 2014 Lowell alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, hapa hapa uwanjani, na baada ya kumpeleka Broken Bow kumzika, Janelle alimwambia mama yake lile ambalo sisi wote tulikuwa tunalifikiri, kwamba sasa trela iuzwe na yeye ahamie Omaha, kwenye chumba alichomtengenezea katika ghorofa ya chini ya nyumba yake. Ardith alikuwa na miaka sabini, hajawahi kuivuta trela ile hata mara moja, basi la shule ni refu lakini halikunji shingo katikati, na binti aliogopa kwa haki kabisa, kwa sababu alikuwa amempoteza baba na hakutaka kuitwa na polisi wa barabarani kuhusu mama. Ardith alikataa. Baada ya wiki mbili za kuvutana, mama na binti walikubaliana kwamba ajaribu kuvuta mwenyewe mpaka kaskazini majira ya kuchipua, na akishindwa, chumba cha Omaha kinamsubiri.

Alijifunza kurudisha nyuma katika kiwanja kile tupu cha nyuma ya jengo hili, akifundishwa na jirani yake Dub Teague, fundi wa kuchomelea kutoka Oklahoma, aliyesimama na kofia yake akipiga kelele, "Dada, mkono uuweke chini ya usukani, trela ifuate mkono, usibishane nayo!" na yeye akijibu dirishani kwamba amebishana na wagumu zaidi. Kufikia Machi aliiweka trela katikati ya mapipa mawili bila kugusa hata moja.

Ndipo ikaja asubuhi ya tarehe 11 Aprili 2015. Wote mliomo humu mnaijua desturi ya viwanja hivi, kwamba mtu anayefunga trela yake hasalimiwi, hata awe ndugu yako, unapita kimya kama humwoni, na ukimsemesha kwa bahati mbaya, anaanza kazi yote upya tangu mwanzo. Janelle hakuijua. Alikuwa amefika kwa ndege jana yake kumuaga mama, akasimama kando ya pikapu wakati Ardith ameshaingiza pini ya trela kwenye kiungo, akaanza tena habari ya Omaha, kwa machozi, na Ardith, ambaye kwa mtu mwingine asingegeuza hata kichwa, alimjibu mwanawe. Walijibizana, akapandisha miguu ya mbele ya trela huku bado anajibu, akaingia kwenye pikapu huku bado anajibu, akaondoka bila kuivuta kwanza polepole breki za trela zikiwa zimekamata, jambo ambalo ndilo pekee linalokuonyesha kama kufuli ya kiungo imeshika. Haikuwa imeshika. Pikapu ilitangulia, na shingo ya trela ikashuka kwa kishindo juu ya mbavu za sanduku la nyuma la pikapu na kuzikunja zote mbili.

Watu walikuja mbio na jeki na magogo. Janelle alisema, "Unaona, Mama? Unaona?" na Dub, ambaye ni mpole kuliko sura yake, alimwambia, "Binti, ulimsemesha," na Ardith akamkatiza palepale. "Mwacheni. Aliyeshika usukani ni mimi. Kosa ni langu, na mimi nimelijua, sitalirudia." Janelle alisema makubaliano ni makubaliano na trela iuzwe, na hapo ndipo dada yangu alipomuuliza swali ambalo familia nzima tunalijua kwa moyo. "Ghorofa yako ya chini iliingia maji mwaka juzi, ukalala sebuleni mwezi mzima. Kuna mtu alikuambia uuze nyumba?" Janelle akapanda ndege amekasirika. Dub alizinyoosha mbavu za pikapu kwa nyundo, si vizuri sana, na Ardith akavuta mpaka Nebraska akiwa amechelewa siku kumi, na kwa miaka minane iliyofuata alivuta kwenda na kurudi, na shingo ile haikushuka tena. Lakini nitasema ukweli kwa sababu wote wawili walitaka usemwe, miaka hiyo hiyo kila simu ya Jumapili kati yao iliishia kwenye neno kuuza, na iliwauma wote wawili.

Oktoba 2023 Ardith alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapelekwa Tucson, ambako madaktari walimkuta na moyo uliochoka usioweza tena kutengenezwa, wakampa miezi michache. Janelle alikuja kumchukua. Safari hii Ardith hakubishana, alimwambia tu, "Nataka kufa nyumbani kwangu, na nyumba yangu ni hii. Unaweza kunisaidia au unaweza kurudi Omaha, nitakupenda vilevile." Janelle alitoka nje akazunguka uwanja mzima akilia, akarudi akauliza maji yanafungwa wapi.

Aliomba likizo ya wiki moja kazini, akakaa mpaka mwisho. Kitanda cha hospitali kilikataa kupita mlangoni, hivyo Dub alitoa kochi, akang'oa dirisha la nyuma lote zima, na wanaume wanne wa uwanja huu wakakiingiza vipande vipande huku mgonjwa akiwaelekeza kutoka kwenye kiti na kuwakumbusha wasikwaruze ukuta. Mashine ya hewa ilihitaji umeme usiokatika, kwa hiyo Janelle alijifunza umeme wa trela, na Januari ilipoleta baridi alijifunza kufunika mabomba, na kuhusu tangi la maji machafu alijifunza somo ambalo sitalisimulia kanisani wala nje ya kanisa, ila majirani wa upande wa mashariki wanalikumbuka na wamelisamehe.

Katikati ya Februari Ardith alisema gundi ya paa imefikia wakati wake. Janelle alimwambia, "Mama, nitamwomba Dub," na mama akajibu, "Dub ana paa lake." Basi Janelle, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye hapandi hata ngazi ya kubadilisha taa, alipanda, na Ardith, akiwa kitandani na mpira wa hewa puani, alimfuata kwa kusikiliza hatua zake juu ya dari na kumwelekeza kupitia tundu la hewa. Nilikuwepo, nimekuja kumwona, na nilisikia kwa masikio yangu.

"Uko juu ya jiko. Sogea mbele. Usikanyage kando, kanyaga palipo na mbao."

"Mama, hii gundi inaninata mikono yote!"

"Ni gundi, mwanangu. Ulitaka ifanye nini?"

Walicheka wote wawili mpaka Ardith akakohoa na mwuguzi aliyekuja kumwangalia akatugombeza, na Janelle aliteremka jioni amechafuka mpaka nywele, akakaa kando ya kitanda, na mama yake akamsafisha vidole kimoja kimoja kwa kitambaa na mafuta.

Tarehe 2 Machi 2024, Jumamosi, mvua ilianza asubuhi, mvua ya kweli ya jangwani inayopiga paa kama mtu anamwaga changarawe. Ardith alikuwa hasemi tangu juzi yake, ila macho yaliinuka kwenye dari, na Janelle akaelewa, akasimama, akapitisha kiganja kwenye kila pembe, kuzunguka tundu la hewa, juu ya dirisha lile lililotolewa na kurudishwa. "Pakavu, Mama," alimwambia. "Kote pakavu." Dada yangu alivuta pumzi akauliza, "Na kabatini?" Janelle akapanda ngazi mbili za kuingilia chumba cha kulala, akaingiza mkono mpaka mwisho wa kabati, akarudi. "Hata kabatini." Ardith akasema, "Basi unaijua kazi," akafumba macho, na saa saba mchana, mvua ikiwa bado inanyesha na mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari wa Tucson waliomwambia ukweli kwa upole, mwuguzi Yolanda Bustamante aliyekuja hata barabara ilipokuwa tope, wenzake wa zamani wa mabasi ya shule waliotuma maua kutoka Broken Bow, mchungaji, Dub Teague kwa mambo mengi na kwa kitanda, na ninyi majirani mlioleta supu, mchuzi wa pilipili na keki nyingi kuliko tulivyo.

Mwili wa marehemu ulichomwa kama alivyotaka, na majivu yake yatazikwa kando ya Lowell. Tena wapo wawili kati yenu walioniuliza leo, kwa heshima kabisa, kama trela inauzwa na kwa bei gani. Nimemuuliza Janelle nikidhani najua jibu, na amenituma nijibu mbele ya wote. Nyumba ya Omaha ndiyo imewekwa sokoni. Trela ina mwenyewe, na Jumatatu anaivuta kwenda Nebraska kumpeleka mama yake.

Ardith, dada yangu, sasa usitushughulikie tena, pumzika kwa amani.