Vumbi la Utomvu: Maisha ya Rozina Vitus wa Milepa

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, majirani wa Milepa, na ninyi mlioteremka mlima kuja kumsindikiza dada yangu, mimi ni Eustaki Vitus, mdogo wake wa kumfuatia, familia imenituma nisome habari za maisha yake, nami naomba mnivumilie, maana yapo humu ambayo familia haikuyaandika, nimeyaongeza mwenyewe.

Marehemu Rozina Vitus Theodory alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Kaengesa, juu Ufipa, mtoto wa kwanza wa mzee Vitus na mama Kalista, wakulima wa mahindi na ulezi, akasoma shule ya msingi palepale kijijini tangu 1979 hadi 1985, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache mno alirudi shambani kwa mama, akafundishwa kupepeta ulezi kwa ungo mpaka wanawake wazima wakawa wanamletea wa kwao. Na alikuwa na mdomo, jamani, akikutania unacheka huku umeumia.

Tarehe 21 Agosti 1993 alifunga ndoa na Yohanes, wakateremka kuishi hapa bondeni, wakajaliwa mtoto mmoja, Zenon, aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1995. Yohanes alifariki tarehe 17 Novemba 2009, Zenon akaenda Kirando kwenye dagaa, na dada akabaki peke yake na mipapai yake.

Mwaka 2011 alikuja bwana Isakwisa kutoka Mbeya, akawaeleza watu wa hapa kwamba ule utomvu mweupe wa papai bichi una kitu kiitwacho papaini, chenye nguvu ya kuvunjavunja nyama, na kwamba viwanda vinakitumia kulainisha nyama ngumu, kung'arisha bia isiwe na ukungu, kutengeneza ngozi na dawa. Aliwafundisha kuchanja papai asubuhi na mapema likiwa bado mtini, kwa kisu kisichoshika kutu kwa sababu chuma kinauharibu, kuvaa glavu kwa sababu utomvu mbichi unababua, kuukausha kwa moto mdogo kwa sababu joto kali linaua nguvu yake, na kufunga kitambaa puani kila waugusapo unga wake. Dada aliyashika karibu yote vizuri, na Pasaka ya 2013 alituletea Kaengesa unga kidogo kwa ajili ya nyama ya ng'ombe mzee, akasema nitie ncha ya kijiko, mimi kwa ujuaji wangu nikatia kijiko kizima na kuiacha tangu asubuhi hadi jioni, nyama ikawa uji, naye akaniita Mpishi mpaka mwaka ukaisha.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa letu Wafipa, kwani ni mwanamke gani wa Kaengesa ataona unga una vipande vya maganda auache bila kuupepeta? Isakwisa alisema unga usitimuliwe, uchekechwe polepole ndani ya chombo kilichofunikwa, lakini dada aliona hiyo ni kazi ya wavivu, akachukua ungo, akakaa uani akipepeta alivyofundishwa na mama, kitambaa akikiacha kwa kuwa kilimpa joto, na vumbi lile akalivuta miaka minne kabla ya kuugua.

Kikohozi kilianza Julai 2015, kikizidi jioni za siku za kupepeta na kupungua akipumzika, na mwaka 2016 alipimwa makohozi mara tatu, mara zote hayakuonyesha kifua kikuu. Hatukuamini. Kanisani benchi lake lilibaki la mtu mmoja, majirani wakamwamkia wakiwa barabarani, na nyumbani kwangu alitengewa kikombe na sahani. Mjukuu wake Mary, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2019, na ambaye yupo hapa leo, bibi yake hakuwahi kumbeba, na aliyemkataza Zenon kumleta ni mimi.

Tarehe 8 Septemba 2021 daktari mmoja mjini Sumbawanga alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, kwamba anafanya kazi gani, na alipoeleza, daktari akasema ni pumu iliyoletwa na vumbi la ile papaini, mwili umeshaikataa, aache kazi hiyo mara moja, na kwamba ugonjwa huo haumwambukizi mtu. Dada alitoka hospitali na barua, akapanda gari moja kwa moja hadi kwangu Kaengesa, akanipa nisome kwa sauti, nikasoma, akacheka kwa furaha ambayo sijapata kuiona. Halafu nikamwekea kiti nje ya mlango. Alikitazama, akaomba maji, akanywa, akaondoka, na hakuja tena.

Aliacha kazi ya utomvu, lakini kifua kilikuwa kimeshachoka, na Jumapili tarehe 9 Juni 2024, alipokosekana misani, jirani yake Marsiana alikwenda kumwangalia, akamkuta amefariki kitandani, peke yake, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Tunamshukuru daktari yule kwa kuuliza, tunawashukuru wachanjaji wenzake, ambao nawasihi wasiupepete unga ule, tunamshukuru sana Marsiana, aliyekuwa akiingia ndani, akila naye na kulala kwake alipozidiwa, na hajaugua chochote. Sisi ndugu zake hatuna cha kushukuriwa. Dada yangu hakuwa na kifua kikuu, nalisema mbele yenu wote, nimechelewa, lakini nalisema.

Rozina, dada yangu, pumzika kwa amani, ile ambayo mimi nilikunyima.