Noti Nyeupe ya Maman Mauwa

Benchi letu liko Schaerbeek, mtaa wa Brussels, mbele ya duka la simu, karibu na kituo cha tramu. Kahawa inatoka kwenye thermosi ya mwenye duka, nasi tunailipia kwa maneno. Jumamosi moja ya mwaka 2012, Maman Mauwa alituletea noti ya Waingereza ya pauni tano, pana kama leso, nyeupe, imechapwa upande mmoja tu. Aliachiwa na mzee wa Kibelgiji wa mtaa wa Ganshoren, ambaye yeye Mauwa alimtunza mpaka mzee akafa. Mnunuzi wa noti za kale alikuwa akimngoja, lakini Mauwa hakujua auze au asiuze. Sisi, kama kawaida, tulijua kila kitu.

— Date iko hapa mbele, 1947, alisema Banza, tunayemwita Banque Nationale kwa kuwa aliwahi kulinda benki Lubumbashi. Na signature ya caissier wa benki inahakikisha. Bei, deux cents, euro mia mbili.

— Mnunuzi ameniambia cent vingt tu, mia moja ishirini, tonton. Juu ya maandiko ya nyuma.

Akaigeuza. Majina manne, wino wa kahawia.

— Bon, zamani kule, ukilipa na noti kubwa, muntu wa duka anakuandikisha jina nyuma, akasema Banza. Juu ya ba faux billets, noti za bandia.

— Hapana! akasema Kalenga, Pasteur wetu asiye na kanisa. Hii ni liste ya likelemba, upatu wa kupokezana pesa. Kila muntu anangojea zamu yake.

— Zamu ya kupata nini? nikauliza.

— Ya kufa! Wote bamekwisha kufa, si ndiyo? Na akiba haiozi, donc basi noti iko muzima.

Tulicheka. Mauwa hakucheka.

— Musome jina ya mwisho.

Nikasoma mimi: Emmanuella. Ndilo jina la binti wa Mauwa, wa miaka minane. Niliogopa, sifichi.

— Mutoto ameandika yeye mwenyewe, nikasema.

— Wino ni ileile ya zamani, Banza akanong'ona.

— Muzee wa Ganshoren njo alimupa mutoto ile jina, akasema Mauwa. Nilikuwa na mimba. Akaniomba na machozi. Nikaitika, sikuuliza ni jina ya nani.

Hapo hata Pasteur aliacha kunywa. Kwetu, mtu ambaye mtoto amepewa jina lake ni ndoyi wake, somo wake, na ya mwenye jina humfuata mtoto, mema na mabaya. Ndiyo maana tunauliza kwanza: mwenye jina aliishije?

— Usiuze! Ukiuzisha ndoyi, umeuzisha mutoto, akasema Pasteur.

— Auze leo, Pasteur! Itoke mu nyumba! akajibu Banza.

Radjabu, Mrundi tusiyemzoea, alikuwa akisubiri tramu. Akainama.

— Samahani mama. Huyo Emmanuella wa kwanza alifikisha miaka mingapi?

Mauwa alitutazama mmoja mmoja, sisi wajuzi, kisha akaondoka mbio kwenda nyumbani kwa mtoto wake, mkoba wazi. Noti ilibaki benchini kati yangu na Banza, majina juu. Upepo ukaanza kuinua pembe yake. Cent vingt ile, na hakuna aliyenyoosha mkono.